Kengele ya Imbwa wa Buluu

Koto-koto, koto. Koto-koto, koto.

Hivyo njo ililia ile kengele ya muti, na mupaka leo nikifunga macho naisikia ikishuka mulima mbele ya nyumba yetu, ikipita kati ya migomba, ikipotea kule chini ambako shamba linakutana na pori. Haikulia kama kengele ya misa, ile ya chuma inayoita kila muntu. Hii ililia kwa ndani, pole, kama muntu anayegonga mulango wa nyumba yake mwenyewe. Wazee wanasema kijana hana kumbukumbu, ana haraka tu. Wacha waseme. Miye niko kijana bado, na hii nakumbuka yote.

Mwenye kuivaa alikuwa imbwa jike, rangi ya udongo wa njia, mukia umejikunja juu ya mugongo kama sikio la kikapo. Alitoka Walikale. Mujomba wangu, ndugu ya mama, anakaa kule ndani ya pori kubwa, na mwaka mumoja akaja kutuona kwetu upande wa Burungu, akimuvuta kwa kamba. Akamupa papa, akasema: "Shemeji, nguruwe za pori zinakula viazi vyako, weye unazitupia mawe tu. Huyu atakufanyia kazi."

Imbwa wa namna ile habweki. Anaweza kulia kidogo, kuguna, kuimba kama mutoto mwenye njaa, lakini kubweka, hapana. Akiingia porini nyuma ya munyama, amepotea, hujui yuko wapi. Njo maana wawindaji wanamufunga shingoni kengele ya muti, imechimbwa ndani, na vijiti viwili vya kugonga. Wakiwa njiani wanaijaza majani makavu ili inyamaze, wanyama wasisikie mapema. Wakifika, mwenye imbwa anachomoa majani, anamwachia, na tangu hapo wanafuata sauti.

Kuchomoa majani ni kazi ya mwenye imbwa. Na kwetu mwenye imbwa ni mwanaume. Musichana anaweza kumulisha, kufagia anapolala, kutupa mavi yake. Kengele hagusi.

"Papa," nilimuuliza siku ya kwanza, "mi nitaosha sahani yake kila siku, lakini shingo yake sitagusa?"

"Hutagusa."

"Na nikigusa?"

"Pori itanusa mukono yako ku kengele, na nyama yote itakimbia."

"Basi mukono yangu iko na nguvu kuliko mukuki yako!"

Mama alinitupia mwiko. Ulinipita, ukamupata kuku.

Nilikuwa nimemaliza shule ndogo ya misioni. Nilijua kusoma, kuandika, na kuimba sauti ya pili. Zaidi ya hapo nilijua kuota, na niliota muchana, macho wazi. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha kulinda shamba, na pale niliona mengi. Niliona mawingu juu ya Burungu ni ngombe za malaika, nikajiuliza nani anazikamua, na kama maziwa yao njo ukungu wetu wa asubuhi. Nilijiona nimevaa kitambaa cheupe kichwani, niko infirmiye wa hospitali, wagonjwa wanasimama mustari, nami nawaambia wote wamepona, waende nyumbani. Nguruwe zilipokuja nilikuwa mbali siku zote. Imbwa njo alikuwa karibu. Ningesikia koto-koto ikianza kukimbia, nguruwe zikilia, na nikirudi kutoka kwa malaika viazi vyetu vilikuwa salama. Mwaka ule tulikula vizuri. Kila muntu nyumbani alijua ni kwa sababu ya nani.

Kwenye mulima wa pili walikuwa wanakaa wafugaji, watu wa ngombe. Mama mumoja wa kule alikuwa anatuletea maziwa, nasi tunamupa maharagi; mimi nilimwita tu Mama wa Maziwa. Alikuwa murefu, alivuta kiko, na alicheka bila kufungua mudomo. Musimu wa mvua ulipokuja imbwa wetu akajifunza njia ya kwenda kwake. Alilala katikati ya ndama, kwenye joto la mavi, na asubuhi alirudi kazini akinuka kama zizi. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nilimwonea wivu kidogo.

Kisha asubuhi moja nikamuitia bugali, hakuja.

Nilimukuta nyuma ya nyumba, amelala upande, pua yake moto na kavu kama jiwe la mafiga. Nikamufungua mudomo. Ufizi uliokuwa mwekundu ulikuwa mweupe, mweupe kama bugali niliyoshika mukononi. Aliniona, akaona haya kama mugeni aliyekutwa kitandani, akasimama kwa shida, akachuchumaa. Mukojo wake ulikuwa na rangi ya maji ya maharagi mekundu yakichemka.

"Mama! Imbwa iko nakojoa damu!"

Papa njo alitoka wa kwanza. Hakuinama. Aliangalia yale maji yakiingia ndani ya udongo, akasema kwa sauti ya chini: "Inarudisha damu."

Lazima niseme hapa desturi ya wawindaji wetu, maana bila hiyo utafikiri papa yangu alikuwa na moyo wa jiwe, na hakuwa nao. Munyama akianguka, kabla kisu hakijagawa kitu, imbwa anapewa damu ya kwanza juu ya jani. Ni haki yake. Muntu hawezi kula mbele yake. Sasa siku ya mwisho waliyokwenda kuwinda, walipata swala mudogo, na wakagombana juu ya muguu mumoja. Waligombana mupaka wakasahau imbwa. Alisimama akingoja. Muntu alipokumbuka, damu ilikuwa imepoa, na walimutupia chini na uchafu wote. Kwa hiyo waliposikia habari ya mukojo mwekundu, hakuna aliyeuliza swali. Kwao damu iliyotolewa kwa ugomvi haikai ndani ya tumbo, pori inairudia. Na imbwa anayerudisha damu anaachwa amalize kurudisha. Hapewi nyama, hapewi maziwa, hapewi chochote kilichotoka ndani ya munyama. Anapewa maji. Wakienda kuwinda tena wanakwenda naye, wanamufunga kwenye muti, wanarudi bila yeye.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliogombana juu ya muguu wa swala, wakaona haya, na haya yao wakaifunga shingoni mwa imbwa.

Walikuja kukaa kwetu jioni ile jua likiwa bado juu, na mama akawapa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa nachambua maharagi pembeni, kichwa chini, masikio juu.

"Juma hii ikiisha tutaenda naye," papa alisema.

"Ni vizuri," wakajibu.

"Mi nakataa," nikasema.

Mumoja, mwenye jino limevunjika mbele, njo aliyeshika muguu wa swala siku ile, akaangalia huku na huku. "Nani amesema? Kuku ao muntu?"

"Ni miye."

"Unakataa nini, mutoto?"

"Nakataa yote. Kumunyima chakula, nakataa. Kumufunga ku muti, nakataa. Kama pori inataka damu yake, ikuje yenyewe hapa nyumbani, iniombe miye."

Walicheka sana. Jino Limevunjika alimwaga pombe yake. "Papa wa mutoto, huyu hapana tafuta bwana yake mbali! Ataolewa na imbwa!"

"Ndiyo," nikasema, "na bwana yangu ataleta nyama kila siku bila kugombana juu ya muguu."

Hapo hawakucheka. Papa akasimama. Mimi sikungoja kuona anasimama kwa sababu gani. Ushujaa wangu siku zote ulikuwa na miguu mizuri ya kukimbia. Nilijificha jikoni nyuma ya mama, maharagi yote yamemwagika uani.

"Weye," mama aliniambia bila kugeuka, "unapenda kugombana na mvua."

"Mvua inaweza kukosea, mama."

Alikoroga chungu chake. Kisha akachota maji ya maharagi, yale mazito ya chini, akayatia ndani ya kibuyu kidogo, akanipa. "Maharagi haina damu," akasema. "Papa yako hakukataza maharagi."

Lakini imbwa hakunywa. Alilamba mara moja kwa adabu, akaweka kichwa chini. Niliona mbavu zake zinapanda na kushuka haraka, moyo unagonga nje ya ngozi. Nililia pale, sifichi. Na nikiwa nalia nilikasirika, maana machozi hayajazi tumbo la imbwa. Nikamubeba mikononi, nikavuka kijito, nikapanda kwa Mama wa Maziwa kuomba maziwa yaliyokatazwa.

Hakunipa maziwa kwanza. Alitoa kiko mudomoni, akasema: "Muweke hapa." Akamugeuza sikio, ndani nje, kama muntu anayegeuza mufuko. "Yewe! Angalia."

Ndani ya sikio kulikuwa na kupe. Wengine wadogo kama ufuta, wengine wamevimba, wana rangi ya majivu, wanangaa kama mbegu za mbarika. Nilikuwa nimewaona kabla. Nani hajaona kupe? Tulikuwa tunawaona kama muntu anavyoona vumbi.

"Ngombe yetu ikikojoa hivi," akasema, "hatuulizi nani amegombana na nani. Tunaangalia ndani ya sikio na chini ya mukia. Kupe anakunywa damu, lakini hanywi tu. Anaacha ugonjwa yake ndani. Ile ugonjwa inavunja damu, inakuwa maji, inatoka na mukojo. Ndani inabaki baridi."

"Na imbwa zenu? Zinalala na ngombe kila siku!"

"Zetu zimezaliwa ndani ya kupe. Zinajuana. Hii ni mugeni wa pori." Akamurudisha sikio mahali pake. "Ni miye nilimufungulia mulango. Niliona mvua inamupiga, nikamulaza na ndama. Sikufikiri."

Kisha akatoa maziwa. Imbwa alikunywa kidogo, nami nilimushika kichwa nikifikiri juu ya papa, na pori, na nani mwenye haki. Mama wa Maziwa akaniambia kwamba kesho wafugaji wote wanapeleka ngombe kwenye zizi kubwa la Leta, maana munganga wa ngombe anakuja na shindano, ile sindano ya dawa. Serikali tulikuwa tunaiita Leta, na kitu cha Leta hakikuombwa, kilingojewa tu.

"Watanifukuza," nikasema.

"Watakufukuza. Lakini utafukuzwa uko pale. Ukibaki nyumbani, umejifukuza mwenyewe."

Asubuhi nilichukua kitunga cha mama cha kubebea kuni, kile chenye kamba ya kuweka kwenye kipaji cha uso. Nikatandika majani ya ndizi, nikamuweka imbwa ndani, kichwa chake kikatokea juu ya bega langu. Hakuwa muzito. Hiyo njo iliniogopesha: alikuwa mwepesi kuliko kuni.

Njiani nikakutana na wanawake wanakwenda soko Mweso, na vitunga vyao vya mihogo na kuku.

"Dada, unauza imbwa?"

"Siuzi."

"Unamupeleka wapi basi? Kwa padri, abatizwe?"

"Mvua imemubatiza tayari, na hakukimbia kama weye!"

Walicheka mupaka kuku wao wakalia. Nami nilicheka. Kama ningekosa kucheka ningegeuka kurudi nyumbani. Mumoja wao aliniwekea kiazi cha kuchoma mukononi, akaendelea na njia yake.

Kule kwenye zizi kulikuwa na kelele, ngombe zinalia, wanaume wanapiga miluzi, matope mupaka magotini. Walikuwa wamejenga njia nyembamba ya miti ambamo ngombe zinapita moja nyuma ya nyingine, na mwishoni munganga anasimama na sanduku lake. Hakuwa muzungu. Alikuwa muntu wetu mweusi, wa kutoka mbali, kaptula yake ya kaki imenyooshwa vizuri, na alichanganya Kiswahili na Lingala na Kifaransa kama muntu anayepika kwa vyungu vitatu. Nilisimama ndani ya mustari, nyuma ya ngombe za Mama wa Maziwa, kitunga mugongoni. Ngombe ya nyuma yangu ilikula majani ya kitunga njia nzima.

Nilipofika mbele, munganga aliangalia chini, akaona miguu miwili.

"Longwa! Toka! Hapa ni ngombe tu."

"Papa munganga, nimeleta mugonjwa."

Akachungulia. "Hii ni imbwa."

"Ndiyo. Inakojoa nyekundu kama ngombe. Kupe ni ile-ile. Dawa haiwezi kuwa ile-ile?"

"Dawa ya Leta ni ya ngombe. Imbwa ya kutibu ni imbwa ya muzungu wa shamba tu. Pisha."

"Damu ya imbwa ya muzungu iko rangi gani?"

Wanaume wakasogea kusikiliza. Munganga akatazama pembeni. "Ni nyekundu. Unauliza nini?"

"Na ya huyu pia ni nyekundu. Inamwagika hata mugongoni mwangu, uangalie." Na ilikuwa kweli, mukojo ulikuwa umepita ndani ya kitunga, umefika kwenye nguo yangu.

"Nimesema pisha, mutoto. Ngombe zinangoja."

Hapo sijui nini kilinishika. Nilikaa chini. Nilikaa katikati ya ile njia nyembamba, ndani ya matope, nikamuweka imbwa juu ya magoti, nikashika muti wa kulia na muti wa kushoto. "Zingoje," nikasema. "Sitoki."

Ngombe ya nyuma ikasimama. Ya nyuma yake ikaigonga. Mustari wote ukaanza kulia, na wenye ngombe wakaanza kulia kuliko ngombe. "Mutoe huyu mwenda wazimu!" "Binti ya nani?" "Nani anamujua papa yake?" Mumoja akaja na fimbo. Mama wa Maziwa, aliyekuwa upande mwingine wa miti, akakunja mikono.

"Ukimugusa," akasema, "utaanza na miye. Ngombe zangu zinapita nyuma yake ao hazipiti."

Munganga aliangalia ngombe, akaangalia jua, akaniangalia. Miti nilikuwa nimeishika kweli. Nafikiri alichoka. Ao alikuwa na binti nyumbani. Akavuta sanduku lake, akatoa chupa ambayo ndani yake kulikuwa na maji ya buluu, buluu nzito kama wino wa shule.

"Mushike mudomo," akasema. "Akikufa, usilie kwangu. Na akipona, usishangae. Atakuwa na rangi."

Nilifikiri ananichezea. Alinyoa nywele kidogo kwenye muguu, akatafuta munshipa, akaingiza shindano pole-pole, kwa uangalifu uleule kama alikuwa imbwa wa muzungu. Hiyo namushukuru. Imbwa hakulia. Aliniangalia tu, machoni, muda wote.

"Sasa toka," munganga akasema, "kabla sijakupiga shindano weye pia."

Nilitoka. Nilikuwa matope kutoka kiuno mupaka vidole, na ninaapa nilitembea kama bibi-arusi.

Hakuwa amenichezea. Kesho yake nikafungua mudomo wa imbwa, ufizi ulikuwa buluu. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa buluu. Tumboni, pale ambapo nywele ni chache, ngozi ilikuwa buluu kama mbingu ya asubuhi baada ya mvua. Habari ilikimbia mulima mupaka mulima. Watu walikuja kuangalia, wengine wakasimama mbali.

"Amekunywa wino ya shule!"

"Basi ataandika barua."

"Atamwandikia nani?"

"Mujomba wa Walikale, amwambie: ukuje unichukue, hapa kuna mwenda wazimu."

Wawindaji walikuja pia. Jino Limevunjika aliinama, akamwona ufizi, akarudi nyuma akifanya ishara ya musalaba. Juma ilikuwa imeisha na siku ya kumupeleka porini imefika, na pale njo nikaona kitu kizuri: hakuna aliyetaka kushika kamba. Kila mumoja alimwonyesha mwenzake. Hawakuwahi kuona imbwa wa rangi ile, na hawakujua pori ingesema nini wakimuletea. Kwa hiyo walikwenda bila yeye. Rangi ambayo walimucheka nayo njo ilimwokoa na ile kamba.

Lakini papa alichukua kengele ya muti, akaitundika juu ya nguzo ya nyumba, pale anapokaa. "Pori haimujui tena," akasema. "Amekuwa imbwa ya shindano. Hii haivai tena."

Hakunipiga. Hakuniuliza juu ya maziwa, na nina hakika alijua. Aliitundika tu, na ilikuwa kama amenipiga.

Nilikataa na hiyo pia, lakini kimya, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Kila asubuhi nilimutoa kupe, sikio kwa sikio, kidole kwa kidole, nikiwatupa ndani ya makaa. Walipasuka: paa! Mara ya kwanza niliwaonea huruma, nikawaambia wanisamehe, hawakuchagua kuzaliwa kupe. Mama alinisikia, akatikisa kichwa, akasema huyu mutoto ataombea hata nzige. Nilimupa imbwa maziwa, kisha maziwa na maji ya maharagi, kisha bugali laini. Alipokojoa nilikimbia kuangalia kama muntu anayekimbia kuona harusi. Nyekundu ikawa kahawa, kahawa ikawa chai, chai ikawa mukojo. Siku ile nilipiga vigelegele peke yangu nyuma ya nyumba, na jirani wakafikiri kwetu kumezaliwa mutoto.

Chini ya buluu ufizi wake ukaanza kurudi mwekundu. Akaanza kunifuata. Na mavuno ya viazi yalipokaribia akarudi shambani mwenyewe, bila kuitwa, akalala mbele ya kibanda changu, masikio juu.

Sasa fikiria imbwa asiyebweka na asiye na kengele. Nguruwe zilipokuja aliruka ndani ya pori nyuma yao, na baada ya hapo kimya. Nilisimama nikisikiliza majani. Hujui yuko mbele ao nyuma, hujui ameshika ao ameshikwa. Siku moja alirudi na jeraha la jino la nguruwe kwenye paja. Alikuwa amepigana peke yake kule chini, hakuna muntu aliyejua pa kumufuata. Nikamuleta papa aone.

"Papa, mufungie kengele."

"Nimesema."

"Anafanya kazi yako. Viazi ni vyako."

"Kengele ni ya imbwa ya pori."

"Basi nitafunga miye."

"Utafunga na mukono gani?"

Nilimuonyesha yote miwili. Aliiangalia, mikono yangu yenye majivu na harufu ya kupe waliochomwa, akainuka, akatoka nje. Nilikaa pale na mikono yangu imenyooka kama muntu anayeomba sadaka, halafu nikacheka, maana nilikuwa naonekana mupumbavu. Jeraha nililiosha kwa maji ya chumvi.

Alipona na hiyo.

Halafu ikafika asubuhi moja, papa ameitwa na wanaume wote kwenye kazi ya barabara ya Leta, mama amekwenda Mweso. Nilishuka shambani na kuona udongo umegeuzwa karibu na pori, unyayo wa nguruwe bado una maji ndani. Walikuwa hapo karibu, wengi. Imbwa alikuwa amesimama ameinua muguu mumoja wa mbele, pua kwenye upepo, paja lake bado lina kovu jipya. Aliniangalia. Nikamwambia: "Ngoja. Leo unangoja."

Nilimufunga kwenye kibanda, nikapanda mulima kwa mbio, nikaingia ndani ya nyumba. Nikachukua kiti cha papa, kile tusichokalia, nikasimama juu yake. Kengele ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Buibui alikuwa amejenga mulangoni mwake, na ndani mulikuwa na majani makavu aliyoyajaza papa kabla ya kuitundika. Nikamuomba buibui atoke. Nikarudisha kiti mahali pake, kisha nikakigeuza kidogo, ili papa ajue muntu alisimama pale na hakujificha.

Imbwa alipoiona alishusha shingo mwenyewe. Nikafunga ukanda, si kwa nguvu, vidole viwili vikipita, kama nilivyomwona papa akifanya. Tukashuka pamoja mupaka pale viazi vinapoisha na miti inaanza. Nikapiga magoti katika umande, nikaingiza kidole ndani ya kengele, nikachomoa majani yote, moja baada ya jingine. Kisha nikafungua mukono, nikamwachia.